Tangazo la kamera litaje lenzi, si megapikseli peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ununuzi wa kamera ya kwanza, jambo linalowagusa vijana wengi wa Bagamoyo kila msimu wa harusi unapowadia na kila Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni linapokaribia. Matangazo madogo ya kamera za DSLR (zile za kidijitali zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa), yawe yamechapishwa magazetini au yamebandikwa kwenye milango ya maduka, kwa kawaida hutaja jina la kampuni, idadi ya megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha) na namba ya simu ya muuzaji, basi. Kijana aliyejinyima ili aweke akiba, au aliyechangiwa na wazazi na shangazi zake, huipiga namba ile, hutoa fedha, kisha hurudi nyumbani na mashine ambayo haiwezi kufanya kazi aliyokusudia. Mashine yenyewe huwa nzima. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa picha huanzia kwenye lenzi na mwanga, na kwamba bodi ya kamera, yaani mwili wake bila lenzi, ni jambo la pili.

Nasema hivi kama mtu anayeishi kwa kazi hii hapa mjini na ambaye huombwa ushauri na vijana karibu kila mwezi. Maoni yangu ni kwamba anayeanza ajiulize kwanza atapiga picha wapi na katika mwanga gani, kisha atafute lenzi inayofaa mwanga huo, na ndipo achague bodi kwa fedha iliyobaki. Wengi hufanya kinyume chake: humaliza fedha yote kwenye bodi mpya, kisha huridhika na lenzi yoyote iliyokuja nayo ndani ya boksi.

Nianze na megapikseli, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa zaidi na ndizo zisizostahili kumnyima mtu usingizi. Picha ya kuchapishwa kwenye karatasi ya A3 kwa ubora wa nukta 300 kwa kila inchi huhitaji megapikseli 17 na nusu hivi. Canon 1300D, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo huhesabiwa kuwa kamera ya daraja la chini kabisa, ina 18. Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina 24. Ni wateja wangapi wa harusi, Ndugu Mhariri, wanaotaka picha kubwa kuliko A3? Wengi hutumiwa picha zao kwenye simu, na waliobaki huomba albamu au picha moja ya kutundika sebuleni. Kwa hiyo karibu kila DSLR iliyotengenezwa katika miaka kumi na kitu iliyopita ina megapikseli za kumtosha anayeanza, na muuzaji anayesisitiza namba hiyo anasisitiza kitu ambacho kamera zote alizonazo dukani zinalingana nacho au zinakaribiana nacho.

Kinachozitofautisha picha ni mwanga, na mwanga wa Bagamoyo una tabia zake. Ufukwe wetu unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini, na katika saa mbili za mwanzo za mchana mwanga huwa umelala, ukiziangaza ngalawa zinazorudi, nyuso za wavuvi na watu waliozunguka mnada wa samaki. Kufikia saa sita jua liko juu ya utosi, kwa kuwa tuko karibu nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, na macho ya kila unayempiga picha hufunikwa na kivuli cheusi cha paji la uso. Jioni jua huzama nyuma ya mji, nao ufukwe huingia kivulini mapema, tofauti na picha za machweo baharini ambazo vijana wengi wameziona na kutamani kuzipiga hapa. Anayejua hayo ataona kwamba asubuhi ufukweni hahitaji lenzi ya gharama. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni kwamba chini ya jua kali, kwenye ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/16 (kipimo cha kitundu cha lenzi: namba ikipungua, kitundu hupanuka), kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, iwe kama 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/8 unapata 1/400, na hiyo inatosha kumgandisha mvuvi anayerusha kamba. Lenzi ya zumu ya 18-55, yaani inayovutwa kutoka milimita 18 hadi 55, inayokuja na kamera nyingi za bei ndogo hufanya kazi hiyo vizuri sana. Hali ni hiyo hiyo kwenye magofu ya Kaole, kwenye msikiti wake wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe, ambako hakuna kinachokimbia na mpiga picha anaweza kungoja wingu lipite.

Shida huanza jua likizama, na kwa bahati mbaya hapo ndipo kazi yenye malipo inapoanza. Harusi zetu ni za usiku. Ngoma katika ukumbi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi wetu tunaiita TaSUBa, huchezwa chini ya taa za jukwaani zinazobadilika rangi na nguvu kila dakika. Hapo ile lenzi ya 18-55 hukwama, kwa sababu ukiivuta hadi milimita 55 kitundu chake hakiwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Tuseme kamera iko kwenye ISO 1600, na kwa f/5.6 mwanga wa jukwaa unairuhusu kasi ya 1/15 ya sekunde: mikono na miguu ya mchezaji itakuwa ukungu mtupu, hata kama uso wake umetulia. Kwa lenzi ya f/1.8, kwenye ISO ile ile na mwanga ule ule, kasi hupanda hadi karibu 1/150, na sasa unaona vidole, jasho, na msewe miguuni. Bodi haikubadilika. Kijana aliyeambiwa kwamba picha zake za ukumbini ni mbaya kwa sababu kamera yake ni ya zamani amedanganywa, na mara nyingi aliyemdanganya ana kamera mpya ya kumuuzia.

Kwa hiyo ushauri ninaoutoa mara nyingi kwa anayetaka kupiga ngoma na harusi ni kwamba, pamoja na ile 18-55, atafute lenzi moja isiyo na zumu yenye f/1.8. Upande wa Nikon iko ya milimita 35 iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera hizi ndogo, na upande wa Canon iko ya milimita 50, ambayo toleo lake lenye herufi STM lilitoka mwaka 2015. Zote mbili ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika orodha za kampuni hizo, na za mtumba zinapatikana. Lakini hapa kuna jambo la kuangalia. Kihisi mwanga cha kamera hizi, yaani kipande kinachopokea picha badala ya filamu, ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, hivyo picha huonekana kama imevutwa karibu: kwa Nikon zidisha mara 1.5, kwa Canon mara 1.6. Ile 35 ya Nikon hukupa mwono wa kama milimita 52, ambao uko karibu na jinsi jicho linavyoona, na unaweza kufanya nayo karibu kila kazi. Ile 50 ya Canon huwa kama 80. Ni nzuri mno kwa uso wa bibi harusi, lakini ndani ya chumba cha nyumba ya Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo, ambako wako mama, mashangazi, somo na mabinti wenye sinia za maua, utarudi nyuma hadi mgongo ugonge ukuta na bado hutawapata wote. Mwenye Canon anayefanya kazi ndani ya vyumba vidogo atafaidika zaidi na lenzi ya milimita 24 ya f/2.8, au aendelee na 18-55 na anunue flashi ya juu inayoweza kugeuzwa ielekee dari. Flashi ndogo iliyojengewa ndani ya kamera humulika uso wa mtu moja kwa moja, humng'arisha pua na paji, na hutupa kivuli chake ukutani nyuma yake. Sipendi kuiona ikitumika harusini hata kidogo.

Wengine hununua lenzi ndefu mapema mno. Naelewa sababu yake, maana Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko jirani nasi na kila mmoja anatamani kumpiga picha kiboko wa Mto Wami. Lenzi ya 55-250 au 70-300 inafaa kwa safari hiyo. Lakini anayekwenda Saadani mara moja kwa mwaka huku akipiga harusi kila wiki ameweka fedha zake mahali pasipozirudisha.

Sasa nije kwenye mtego ambao umewaumiza wengi na ambao matangazo hayauzungumzii kamwe. Kwa DSLR na kamera za filamu zilizozitangulia, Nikon imetumia mdomo wa lenzi (sehemu ya bodi inayoshika lenzi) wa aina moja tangu mwaka 1959, na Canon imetumia mdomo wake wa EF tangu mwaka 1987. Hilo ni jema, kwa sababu lenzi nyingi za zamani bado zinaingia kwenye DSLR. Lakini kuingia si kufanya kazi. Kamera ndogo za Nikon, yaani zile za D3000 na D5000 na ndugu zao waliofuata hadi D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi, yaani ya kulenga picha iwe kali, ndani ya bodi. Zinahitaji lenzi yenye mota yake yenyewe, ambayo huandikwa AF-S au AF-P. Ukinunua lenzi nzuri ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D tu, itakaa sawasawa kwenye kamera, itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Mtu aliyebobea anaweza kuishi na hilo. Anayeanza, akiwa mbele ya mchezaji wa ngoma, hawezi. Tena lenzi za AF-P, ambazo ni mpya zaidi, hazifanyi fokasi kwenye bodi kadhaa za zamani kama D3100 na D3200. Kwa hiyo mtu anaweza kununua bodi nzima na lenzi nzima, kila moja kwa bei halali na kutoka kwa muuzaji mwaminifu, na vikashindwa kufanya kazi pamoja. Canon imeliepuka tatizo hilo kwa kuweka mota ndani ya kila lenzi ya EF yenye fokasi ya otomatiki, na hilo ni jambo zuri kwa mnunuzi wa mtumba. Kilichobaki kukumbuka ni kwamba lenzi za EF-S ni za kamera zenye kihisi kidogo na haziingii kwenye zile kubwa za daraja la juu.

Canon nayo ina utata wake wa majina. Kamera moja huuzwa kwa majina matatu kutegemea soko: ile inayoitwa 700D huku na Ulaya huitwa Rebel T5i Marekani na Kiss X7i Japani. Ile 1300D ni Rebel T6 na Kiss X80. Kwa kuwa kamera nyingi za mtumba huletwa kutoka nje, kijana anaweza kuambiwa kwamba Kiss ni kamera ya pekee kutoka Japani na akatozwa zaidi kwa mashine ile ile iliyo kwenye rafu ya pili kwa jina jingine. Namba kubwa nayo haimaanishi ubora. Canon 4000D ya mwaka 2018 ina namba kubwa kuliko 700D ya mwaka 2013, lakini mdomo wake wa lenzi ni wa plastiki badala ya chuma, na haina kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha dirisha la kutazamia kwa ajili ya mtu mwenye matatizo ya macho. Mimi ningemwambia anayeanza achukue 700D iliyotunzwa kuliko 4000D mpya, na sioni haya kulisema hilo mbele ya wenye maduka.

Kwa kweli ningekwenda mbali zaidi. Bodi ya daraja la kati iliyokaa miaka kadhaa ni bora kwa mwanafunzi kuliko bodi mpya ya daraja la chini, kama imetunzwa. Nikon D7000 na Canon 60D zote zilitoka mwaka 2010. Kila moja ina magurudumu mawili ya kurekebishia, moja la kasi ya shata na jingine la kitundu cha lenzi, wakati kamera ndogo huwa na gurudumu moja, na mtu hulazimika kushikilia kitufe huku akizungusha. Anayejifunza hubadilisha mambo hayo mawili mara nyingi mno, na mkono wake ukizoea magurudumu mawili, akili yake hubaki huru kutazama picha. D7000 ina pia mota ya fokasi ndani ya bodi, hivyo ule mtego wa lenzi za AF-D haupo, na viungo vyake vimezibwa dhidi ya vumbi na unyevu kiasi ambacho kwetu sisi wa pwani si anasa. Ubaya wake ni uzito, na kwamba nyingi zilizopo sokoni zimefanya kazi sana. Anayetaka kupiga video za harusi pamoja na picha aitazame Canon 70D ya mwaka 2013, ambayo ilikuja na fokasi laini ya video ambayo kamera zilizotangulia hazikuwa nayo.

Huku pwani kuna adui mwingine ambaye wauzaji wa bara hawamjui vizuri. Upepo wa kusi hubeba mchanga na chembe za chumvi kutoka mawimbini, na chumvi ikikaa kwenye skrubu na kwenye vituo vya betri huleta kutu. Unyevu wa masika nao huotesha kuvu ndani ya lenzi, mistari myembamba kama nyuzi za buibui inayotanda kati ya vioo, na ikishakula ngozi ya kioo haitoki hata ikisafishwa. Kwa hiyo katika bajeti ya kamera ya kwanza niweke mambo ambayo hayamo kwenye tangazo lolote: kasha la plastiki linalofunga vizuri, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kitambaa laini, na pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Kamera isilale ndani ya begi lake lililoloa jasho na chumvi. Ufukweni usibadilishe lenzi; kama ni lazima, ingia ndani ya nyumba au walau ndani ya gari, uelekeze mdomo wa kamera chini, ufanye haraka.

Nirudi kwa mtumba, maana wengi wetu ndiko tunakonunua. Anayekwenda kukagua kamera, iwe Kariakoo au kwa mtu binafsi, aende mchana na awe na memori kadi yake pamoja na simu yenye tochi. Amulike ndani ya lenzi kutoka nyuma na atazame kutoka mbele, akiigeuza polepole, kwa ajili ya zile nyuzi za kuvu. Apige picha ya anga au ya ukuta mweupe kwa f/16 au f/22 na aikuze kwenye kioo cha nyuma cha kamera: madoa meusi yanayokaa pahala pale pale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi, ambalo husafishika, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Afungue mlango wa betri na aangalie kama kuna kutu ya kijani. Achomeke na kuchomoa memori kadi mara kadhaa. Ajaribu fokasi kwenye kila nukta inayoonekana ndani ya dirisha, ya katikati na za pembeni. Apige kwa kasi ya polepole na kwa kasi kubwa kabisa, asikilize shata, kisha atazame kama kuna picha iliyokatwa na utepe mweusi upande mmoja.

Kuhusu shata yenyewe, hiki ndicho kipande cha kamera kinachochakaa kwa kutumika. Nikon hukadiria shata za kamera zake ndogo kwa mapigo 100,000 na ya D7000 kwa 150,000. Haina maana kwamba itakufa siku hiyo. Nyingine huvuka na nyingine hazifiki. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua. Kwa Nikon idadi hiyo huandikwa ndani ya faili la kila picha, na programu za bure husoma picha moja tu ya JPEG na kuitoa. Kwa Canon nyingi ndogo haimo ndani ya picha, na mnunuzi atategemea dalili nyingine: mpira wa kushikia ulioachia, herufi zilizofutika kwenye vitufe, rangi iliyoisha mdomoni mwa lenzi. Muuzaji anayekataa usipige picha hata moja kwa kadi yako mwenyewe, muage kwa heshima uondoke.

Yapo mambo madogo ambayo sitakaa nayo. Betri za kampuni ziko bora kuliko za kuiga, na ni vyema kuwa na mbili kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Memori kadi bandia zimejaa, kwa hiyo nunua mahali watakapokupa risiti.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nizungumzie DSLR wakati kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Ni kweli: Canon na Nikon zote zilianzisha mifumo yao mipya mikubwa mwaka 2018, na kamera hizo zinaweza kulifuata jicho la mtu kwa fokasi kwa namna ambayo D3500 haiwezi. Mwenye fedha za kutosha kununua bodi mpya pamoja na lenzi mpya za aina hiyo sitamzuia. Lakini kuhama kwa wakubwa ndiko kulikozishusha bei DSLR na lenzi zake, na hiyo ni nafasi kwa mwanafunzi wa Bagamoyo. Betri ya D3500 kwa kipimo cha kawaida cha watengenezaji hufikisha picha 1,550, kwa kuwa dirisha lake ni la vioo vitupu na halitumii umeme. Nani kati yetu asiyejua thamani ya hilo katika harusi ya siku mbili? Kihisi chake hujificha nyuma ya kioo na shata wakati wa kubadilisha lenzi, huku kamera nyingi za aina mpya zikikiacha wazi kwa vumbi. Na kijana akiinuka baadaye na kununua kamera mpya ya kampuni ile ile, lenzi zake za EF au za AF-S zitafanya kazi kupitia kiungo kinachouzwa na kampuni hiyo. Hatakuwa amepoteza alichoanzia.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni hili. Gazeti lako linapopokea tangazo la kuuza kamera, dawati la matangazo limtake muuzaji aandike jina kamili la bodi, kwa mfano Nikon D5300 na si Nikon peke yake. Jina kamili la lenzi kama lilivyoandikwa kwenye pete yake, pamoja na herufi zile za AF-S au EF-S na namba ya f. Kama inauzwa bodi tupu, iandikwe hivyo. Na kwa kamera ya mtumba, idadi ya mapigo ya shata pale inapoweza kusomwa. Ni mstari mmoja wa ziada kwa muuzaji. Kama nafasi haitoshi, namba ya megapikseli ndiyo iondolewe.

Wako katika kazi,
Mpiga picha wa Dunda,
Bagamoyo